Cheti cha Mpogoaji wa Miti Katika Maeneo ya Ujenzi: Suala la Usalama wa Kazi Nyanda za Juu Kusini

Msafiri aendaye Mbeya kutoka Iringa kwa barabara kuu ya TANZAM husafiri kwa muda mrefu katikati ya miti. Kuanzia Mafinga huyaona mashamba ya misindano ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali hapa nchini. Majaribio ya kwanza ya upandaji yalifanywa huko mwaka 1939, na leo eneo lililopandwa ni zaidi ya hekta 50,000. Upande wa Njombe iko miwati, na kila mahali iko mikaratusi, ambayo wenyeji wengi huiita milingoti. Hata miji yenyewe imebeba kumbukumbu ya miti: Iringa una mtaa wa Miyomboni, na Mbeya una kata iitwayo Forest.

Miji hiyo inajengwa kwa kasi. Katika miaka hii ya 2020 barabara kuu ipitayo mjini Mbeya, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, umbali wa kilomita 29, imekuwa ikipanuliwa kuwa ya njia nne. Shule, zahanati, maghala na nyumba za watu binafsi zinaongezeka kila mwaka. Katika kazi nyingi za namna hii kitu cha kwanza kuguswa ni mti. Kabla ya msingi kuchimbwa, na mara nyingi kabla hata ya ubao wenye jina la mkandarasi kusimamishwa, mtu huitwa aje na msumeno wake wa mnyororo, ambao mafundi wenyewe huuita chenso. Huja asubuhi, hupanda, hukata, hulipwa, naye huondoka. Mhandisi wa jengo lile amesajiliwa na bodi yake, na mkandarasi vilevile, kwa mujibu wa sheria zilizotungwa mwaka 1997. Dereva wa lori ana leseni. Lakini yule mpogoaji wa miti, ambaye kazi yake yaweza kumwua yeye mwenyewe au mwenzake kwa nukta moja tu, kwa desturi haulizwi cheti chochote.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kazi hiyo yahitaji ujuzi wa pekee, sheria za nchi yetu zinadai nini, na cheti cha mpogoaji kingepaswa kuthibitisha mambo gani.

KAZI MBILI ZINAZOFANANA

Nyanda za Juu Kusini zina mafundi wengi wa kukata miti, kwa sababu ya mashamba makubwa ya serikali, ya makampuni na ya wananchi. Jambo hili ni la kujivunia, lakini limezaa dhana isiyo sahihi, kwamba mtu aliyekata miti kwa miaka kumi Mufindi anaweza kukata mti wowote mahali popote. Kazi hizi mbili hutumia chombo kimoja, lakini ni kazi mbali mbali.

Mkataji wa shambani husimama chini, kwenye shina. Huchagua upande wa kuuangushia mti, na huwa na nafasi ya kufanya hivyo. Kanuni inayofuatwa duniani ni kwamba mti unapoangushwa, mtu yeyote asiyehusika asiwe karibu kuliko mara mbili ya urefu wa mti. Kwa mlingoti wa mita 25, umbali huo ni mita 50 kila upande. Sasa tuuchukue mlingoti huo huo na kuuweka katika kiwanja cha mjini chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mti huo, ukilazwa chini, una urefu unaouzidi upana wa kiwanja. Upande mmoja kuna nyumba ya jirani, upande mwingine kuna nyaya za umeme, na mbele kuna njia wanayopita watoto waendao shule. Hapo mti hauwezi kuangushwa mzima. Hauna budi kushushwa vipande vipande kutoka juu, na kila kipande kifungwe kamba na kuteremshwa kwa utaratibu.

Kwa hiyo kazi ya eneo la ujenzi ni ya kupanda na ya kamba, na msumeno hutumiwa mtu akiwa hewani. Fundi wa shambani anayeingia katika kazi hii kwa mazoea huacha nyuma kinga yake kubwa kuliko zote, yaani nafasi ya kukimbilia.

NGUVU ZILIZOFICHIKA NDANI YA MTI

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Usemi huu hufariji wafiwa, lakini mwanasayansi hawezi kuukubali kwa ajali za miti, kwa maana nyingi kati yake zina sababu zinazofahamika na kupimika.

Mti uliosimama haujatulia kama unavyoonekana. Shina lililoinama lina nyuzi zinazovutwa upande wa juu wa mwinamo na nyuzi zinazobanwa upande wa chini, mfano wa upinde uliokwisha kuvutwa. Akatapo mtu upande unaovutwa bila mpango, nyuzi hizo huachia ghafula na shina huweza kupasuka kwa urefu kuelekea juu kabla halijakatika, likarusha nyuma kipande kizito kwa kimo cha kifua au kichwa cha mkataji. Mikaratusi ina tabia hii zaidi, kwa kuwa kuni yake hukua ikiwa na mivutano ya ndani. Ndiyo sababu magogo yake hupasuka ncha mara baada ya kukatwa, jambo ambalo kila mchana mbao wa Makambako analijua.

Fundi aliyefundishwa hutawala nguvu hizo kwa mikato miwili. Kwanza hukata kinywa upande ambao mti utaangukia, kwa kina cha robo au moja ya tano ya unene wa shina. Kisha hukata kutoka nyuma, lakini haufikishi mkato huo kwenye kinywa. Huacha ukanda wa kuni ambao haukukatwa, wenye upana wa karibu moja ya kumi ya unene wa shina. Katika shina la sentimeta 50, ukanda huo ni sentimeta 5. Ukanda huu hufanya kazi ya bawaba ya mlango: huushika mti wakati unapolala na kuuongoza uendako. Anayeukata wote huwa ameung'oa mlango kutoka katika bawaba zake, na hakuna awezaye kusema utaanguka upande gani.

Tuangalie sasa tawi. Tawi la mlingoti lenye urefu wa mita 4 na unene wa wastani wa sentimeta 20 lina ujazo wa takriban moja ya nane ya mita ya ujazo. Kuni mbichi ya mlingoti hukaribia uzito wa maji, hivyo tawi hilo lina uzito wa kilo 125 hivi. Likianguka kutoka kimo cha mita 8 hufika chini kwa muda wa sekunde 1.3, likiwa na mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Kofia ngumu hutengenezwa kukinga vitu vidogo, nayo haiwezi kumwokoa mtu aliyesimama chini ya tawi hilo. Kinga ya kweli ni uzio na mlinzi wa kuwazuia watu wasiingie.

Msumeno wenyewe una hatari yake. Mnyororo wake huenda kwa mwendo wa mita 20 au zaidi kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa kuni, msumeno hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa mtumiaji. Tukio hilo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao ni mfupi kuliko ule unaohitajiwa na akili ya binadamu kuona jambo na kuamuru mkono. Kwa sababu hiyo hakuna wepesi wa mtu unaoweza kuwa badala ya breki ya mnyororo iliyo nzima, na breki ni chombo ambacho misumeno mingi iliyochakaa haina tena.

MIZIZI, UMEME, KELELE NA BARIDI

Eneo la ujenzi huongeza hatari ambazo mkataji wa shambani hakutani nazo. Iliyo kubwa na isiyoonekana ni ya mizizi. Watu wengi hudhani kwamba mzizi wa mti huenda chini sana kama nguzo. Kwa kweli sehemu kubwa ya mizizi ya miti mingi imo katika mita moja ya juu ya udongo, nayo husambaa hata kupita kivuli cha matawi. Mtaro wa msingi au wa bomba la maji ukichimbwa karibu na shina, mti hupoteza nanga zake za upande mmoja huku ukiendelea kuonekana wa kijani na wenye afya kwa miezi mingi. Kisha hufika mvua za masika, udongo hulainika, upepo hushuka kutoka milimani, na mti huwaangukia watu ambao hawakuugusa.

Kiwango cha Uingereza cha mwaka 2012 kuhusu miti na ujenzi hutoa kipimo chepesi: eneo la kulindwa lina nusu kipenyo sawa na mara 12 ya kipenyo cha shina, kikipimwa kwenye kimo cha mita 1.5. Mti wa sentimeta 50 wapaswa kuachiwa mita 6 kila upande. Fundi anayetakiwa kupanda mti ambao mtaro umepita mita 2 kutoka shinani ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kukataa hadi mti huo uchunguzwe. Lakini ili akatae ni lazima kwanza ajue.

Hatari nyingine ni umeme. Njia ya usambazaji ya kilovolti 33 ina msukumo wa umeme unaozidi mara 140 ule wa taa ya nyumbani. Tawi bichi lina maji na chumvi, hivyo hupitisha umeme, na kwa msukumo mkubwa namna hiyo umeme unaweza kuruka pengo dogo la hewa bila waya kuguswa. Mwenye uwezo wa kuizima njia hiyo ni mwenye njia, yaani TANESCO, na ruhusa ya kufanya kazi yapasa kuwa ya maandishi. Ahadi ya simu kwamba "umeme umekatika mtaani" haitoshi, maana umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi.

Yako pia madhara yanayokuja polepole. Msumeno wa mnyororo hutoa kelele ya desibeli 105 au zaidi. Kiwango kinachokubaliwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo mtu asiyeziba masikio humaliza posho yake ya siku nzima kwa dakika tano. Mtetemo nao huharibu mishipa midogo ya damu na fahamu za vidole, hata vidole hugeuka vyeupe na kufa ganzi. Baridi huuchochea ugonjwa huo, na asubuhi za mwezi Juni na Julai katika Mufindi au Uporoto si za joto. Fundi ambaye vidole vyake havihisi hawezi kufunga fundo la kamba inayobeba uhai wake.

SHERIA INADAI NINI

Tanzania haikukosa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, na iliupanua ulinzi kutoka viwandani hadi mahali pa kazi kwa jumla, pamoja na maeneo ya ujenzi. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001 na ambao una ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mahali pa kazi hapana budi kusajiliwa. Mwajiri humpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga, hupima afya yake, na hahesabiwi kuwa ametimiza wajibu kwa kumkabidhi mtu mashine ya hatari kabla ya kumfundisha hatari zake au kumweka chini ya msimamizi anayeifahamu. Mtu akiumia, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia ambao huchangiwa na waajiri.

Pengo liko katika namna kazi inavyogawanywa. Mwenye jengo humpa kazi mkandarasi, mkandarasi humwambia msimamizi atafute mtu, na msimamizi humwita fundi wa chenso kwa neno la mdomo. Fundi naye huja na vijana wawili wa kuvuta kamba. Kufikia hapo hakuna anayejiona kuwa mwajiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kila mmoja hudhani kwamba usalama umebebwa na mwingine. Kijana akiangukiwa na tawi, jina lake halimo katika orodha ya mishahara wala katika kitabu cha walioingia kazini. Mjane wake, akitaka kudai fidia, hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa kazini na kwamba alikuwa na mwajiri.

Hapa ndipo cheti kinapopata maana zaidi ya karatasi. Mkandarasi akitakiwa kunakili namba ya cheti cha kila mpogoaji kabla hajaruhusu kamba kurushwa mtini, atakuwa ameandika jina lake, tarehe na kazi aliyopewa. Maandishi hayo matatu humlinda fundi akiwa hai, na huilinda familia yake akiwa hayupo.

CHETI KITHIBITISHE NINI

Nchi zilizotangulia zimekwisha kuona kwamba cheti kimoja cha jumla hakitoshi. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 1998 kuhusu zana za kazi, pamoja na mwongozo wake, zinataka mtu anayetumia msumeno wa mnyororo katika kazi ya miti awe amefundishwa na kupewa hati ya umahiri. Hati hizo zimegawanywa: kuna ya matunzo ya msumeno, ya kuangusha miti kutoka chini, ya kupanda na kuokoa, na ya kutumia msumeno mtu akiwa juu. Mbali na hizo, wakandarasi wengi humdai kila aingiaye eneo la ujenzi kadi ya kuonyesha kwamba anazijua hatari za jumla za mahali hapo, utaratibu ulioanza mwaka 1995. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 juu ya usalama katika kazi za misitu, linapendekeza hati za ujuzi kwa wafanyakazi hao.

Kwa mazingira yetu, mtihani wa mpogoaji ungepaswa kumpima katika mambo yafuatayo, kwa vitendo:

(a) Kuutunza msumeno: kunoa mnyororo, kuukaza, na kujaribu breki yake.

(b) Kuusoma mti kabla ya kuupanda: mwinamo, uozo, nyufa, uyoga shinani, na mizizi iliyokatwa.

(c) Kupanda kwa kamba na mkanda wa usalama, akiwa amefungwa kwa vifungo viwili kila anapokata.

(d) Kukata kinywa, kuacha bawaba, na kuteremsha vipande kwa kamba.

(e) Kulitenga eneo na kupanga ishara kati ya aliye juu na walio chini.

(f) Kumwokoa mwenzake aliyekwama au kuzimia juu ya mti, na kumpa huduma ya kwanza.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mtu aliyezimia akining'inia katika mkanda huwa katika hatari kubwa baada ya dakika chache, kwa kuwa damu hubaki miguuni. Katika miji yetu gari la wagonjwa au la zimamoto haliwezi kutegemewa kufika kwa muda huo. Kwa hiyo mpogoaji asipande kamwe ikiwa chini hakuna mtu wa pili ajuaye kupanda na mwenye vifaa vya kupandia. Uingereza mtu hufanya mtihani wa kuokoa kabla hajaruhusiwa kushika msumeno juu ya mti, na mpangilio huo wafaa kuigwa.

NJIA ILIYO WAZI

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu utamnyima riziki fundi maskini na kumwongezea gharama mwenye kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Hoja hii ni ya haki na yastahili jibu. Mafundi wengi wa chenso Mbeya na Iringa walijifunza kwa baba au kwa mjomba, na baadhi yao wana ujuzi ambao mhitimu wa chuo angeuonea wivu. Kuwafungia mlango kwa sababu hawakukaa darasani kungekuwa dhuluma, tena kungewafanya wafanye kazi usiku na kwa kificho.

Lakini vyombo vya kuwafaa vipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo: fundi hupimwa kwa vitendo, huongezewa yale aliyopungukiwa, kisha hupewa cheti. Taaluma ya misitu inafundishwa Olmotonyi, ya viwanda vya misitu Moshi, na ya shahada katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Karibu zaidi, mjini Mafinga, kimeanzishwa kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kwa msaada wa programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoendeshwa kwa ushirikiano na Finland. OSHA nayo hutoa mafunzo ya kazi za kwenye vimo. Kinachokosekana ni kuviunganisha vipande hivi vitatu, yaani msumeno, kimo na eneo la ujenzi, katika mtihani mmoja ambao fundi wa Uyole au wa Ipogolo ataweza kuufanya kwa wiki moja bila kuiacha familia yake na njaa.

Wakati huo ukisubiriwa, mkandarasi yeyote anaweza kuanza kesho kwa hatua zisizohitaji sheria mpya: aandike jina la kila mpogoaji, akague breki ya msumeno, azungushe kamba ya kuzuia watu, aitake TANESCO ruhusa ya maandishi, na asimruhusu mtu kupanda peke yake. Halmashauri za miji nazo, zinapotoa kibali cha kukata mti, zinaweza kuuliza ni nani atakayeukata. Swali hilo moja, likiulizwa katika kila kibali, lingetosha kuwatambua mafundi wote wa miji miwili hii, na hapo wakufunzi wangejua ni nani wa kumfundisha kwanza.